Uteuzi wa Makala katika Mikutano ya Uchimbaji Data

Neno uchimbaji data limekwisha kuingia katika Kiswahili cha vyuo, na aliyelitia hakuchagua vibaya. Kuchimba ni kufukua ardhi kwa kutafuta kilichofichika. Na kumchimba mtu ni kumdadisi kwa hila mpaka atoe lililo moyoni. Watu wa elimu hii hufanya yote mawili. Huchukua rundo kubwa la kumbukumbu, mathalani hesabu za mauzo ya duka, vipimo vya wagonjwa au bei za masoko, wakalidadisi kwa kompyuta mpaka litoe jambo ambalo halikujulikana. Jiawei Han na Micheline Kamber, katika kitabu chao cha kufundishia, waliona ila katika jina lenyewe: mtu atafutaye dhahabu husemwa kuwa achimba dhahabu, wala hasemwi kuwa achimba mchanga, basi yaliyostahili kutajwa ni maarifa, kwa maana data ni mchanga tu. Hoja yao ni ya haki, lakini jina lilikuwa limekwisha kushika.

Jina hili lina aibu nyingine ya zamani zaidi, nayo yafaa ikumbukwe na kila mwenye kutaka kuwasilisha utafiti wake mbele ya mabingwa wa elimu hii. Kabla ya kuwa jina la heshima lilikuwa lawama. Wanatakwimu na wanauchumi walilitumia kumsema mwenzao aliyepekua data zake kwa njia nyingi mpaka akapata jibu alilolitaka, kisha akalitangaza kana kwamba alikuwa amelitafuta mara moja tu. Mwaka 1983 mwanauchumi Michael Lovell aliandika makala yenye jina hilohilo katika jarida la Review of Economics and Statistics, akatoa kanuni nyepesi ya kukisia ukubwa wa udanganyifu huo. Ichukuliwe kwamba mtafiti amejaribu vigezo 20, akateua 2 vilivyong'ara, akatangaza kuwa uwezekano wa kudanganywa na bahati ni asilimia 5. Kwa kanuni ya Lovell, uwezekano wenyewe wakaribia asilimia 40. Mtafiti huyo hakusema uongo katika hesabu yake. Alichoficha ni vile vigezo 18 visivyong'ara.

Wale waliokutana Detroit mwaka 1989, katika warsha iliyoandaliwa na Gregory Piatetsky-Shapiro pembeni ya mkutano mkubwa wa akili bandia, walipendelea kuiita kazi yao ugunduzi wa maarifa katika hifadhi za data. Warsha hiyo ilikua, na mwaka 1995 ukafanyika Montreal, Kanada, mkutano kamili wa kimataifa ambao jina lake hufupishwa KDD. Na humo majina mawili yakafungwa ndoa, ugunduzi wa maarifa na uchimbaji data. Baadaye ikazaliwa mingine, ICDM mwaka 2001 huko San Jose, na WSDM mwaka 2008. Katika muda wa miaka michache tusi likawa kilemba.

Fahari ya elimu hii ni kwamba imejifunza kutenga kilichotokea kwa bahati na kilichopo kweli. Rakesh Agrawal, Tomasz Imieliński na Arun Swami walipoandika mwaka 1993 juu ya kanuni za uhusiano, kama ile ya kwamba wanunuao mkate na siagi aghalabu hununua na maziwa, walidai kila kanuni ipite vizingiti viwili: itokee mara za kutosha katika hesabu za duka, na iwe na nguvu ya kutosha kila itokeapo. Pasipo vizingiti hivyo kompyuta ingetapika kanuni kwa maelfu, na nyingi zingekuwa upuuzi mtupu.

Lakini kinyozi hajinyoi. Mkutano unaopokea makala kwa mamia au maelfu, ukakubali takriban moja katika tano na pengine pungufu, nao ni mchimbaji. Una rundo lake, una vizingiti vyake, huteua kinachong'ara, na kisichong'ara hukitupa bila kukihesabu. Linalopasa kuulizwa ni kama vizingiti hivyo vimepata kupimwa kwa ukali ule unaotakiwa kwa mkate na siagi.

Masharti ya kuwasilisha makala ni makali, na sehemu yake kubwa ni ya umbo. Mara nyingi mwandishi hutakiwa kutuma kwanza anwani na muhtasari, na baada ya siku chache makala yenyewe. Maandishi yapangwe katika safu mbili kwa herufi ndogo. Kurasa zisizidi idadi iliyotajwa, ambayo kwa ICDM imekuwa 10 pamoja na orodha ya marejeo. Mwenye kuzidisha huenda asisomwe kabisa. Siku ya mwisho huhesabiwa aghalabu kwa saa ya pande za bahari ya Pasifiki ambako siku huchelewa kwisha kuliko kokote duniani, hata mtafiti aliyeko Dar es Salaam huweza kutuma kazi yake kesho yake, mpaka saa tisa kasoro dakika moja mchana, naye akahesabiwa kuwa amewahi. Ukarimu huo wa saa wastahili kusifiwa, kwa kuwa hauulizi mtu yuko wapi.

Aliyezoea tungo za Kiswahili hatastaajabia ukali wa umbo. Shairi lisilotimiza mizani hukataliwa kabla maana yake haijasikilizwa, na hakuna mshairi aliyekufa kwa hilo. Ila katika makala ya utafiti umbo lina athari ambayo mizani haina. Kurasa 10 zatakiwa zieleze tatizo, zieleze njia mpya, zithibitishe kuwa ni sahihi, ziilinganishe na njia za wengine, na zitaje kila aliyetangulia. Mwandishi akibanwa hukata, na kinachokatwa kwanza ni majaribio yaliyoshindwa. Vigezo 18 vya Lovell havipati nafasi katika safu mbili.

Ushahidi wa jambo hili ulitoka ndani ya nyumba yenyewe. Katika KDD ya mwaka 2002, iliyofanyika Edmonton, Eamonn Keogh na Shruti Kasetty walileta makala ambayo thamani yake haikuwa katika kuvumbua njia mpya. Walichukua njia zilizopendekezwa katika makala zaidi ya dazeni mbili juu ya mifululizo ya nyakati, yaani namba zilizopimwa moja baada ya nyingine, kama mapigo ya moyo au bei za hisa; wakaziandika upya katika kompyuta, wakazijaribu juu ya mikusanyo 50 ya data halisi za namna mbalimbali. Waliona kwamba ubora ambao wengi walijidai kuwa nao ulikuwa mdogo kuliko tofauti inayoletwa na kubadili tu mkusanyo wa data. Kwa maneno mengine, aliyesema kuwa njia yake yaipita ya jirani aliweza kusema hivyo kwa kuwa alichagua mwenyewe uwanja wa mbio.

Mwaka uliofuata Keogh, pamoja na Jessica Lin na Wagner Truppel, alikwenda mbali zaidi katika ICDM. Palikuwa na desturi ya kukata mfululizo mrefu katika vipande vinavyopandana, kama mtu apitishaye kidirisha juu ya mstari wa maandishi, kisha vipande hivyo vikagawanywa katika makundi ili ipatikane sura ya kila kundi. Makala nyingi zilikuwa zimekubaliwa na kuchapishwa zikitumia desturi hiyo kama hatua mojawapo ya kazi. Watatu hawa walionyesha kwamba makundi yanayopatikana hayategemei data zilizotiwa: yaliyotoka katika bei za soko la hisa hayakuweza kutofautishwa na yaliyotoka katika namba zilizotungwa kwa bahati nasibu. Anwani ya makala yao ilitamka bila kuficha kwamba kazi ya namna hiyo haina maana.

Ni shida kupata mfano ulio wazi kuliko huo. Makala zile za awali zilisomwa na wahakiki, zikapewa alama, zikakubaliwa, na ila ikapita katika kila mlango. Wala si lazima kusema kuwa wahakiki walikuwa wavivu. Mhakiki huulizwa kama kazi ni mpya, kama imeandikwa vema, kama yalinganishwa na za wenzake. Hakuna katika maswali hayo linalomlazimisha kutia namba tupu katika mashine ili aone kama itatoa jibu lilelile. Na hata angependa kufanya hivyo, amepewa makala kadhaa na wiki chache za kuzisoma, naye ana kazi yake nyingine.

Keogh huyuhuyo alitoa somo katika KDD ya Paris mwaka 2009 juu ya namna ya kufanya utafiti mwema, kuufikisha katika mkutano huo, na kuufanya utajwe na wengine. Ni somo lenye manufaa, na kijana anayeandika makala yake ya kwanza atafanya vizuri kulitafuta. Miongoni mwa aliyoyashikilia ni kwamba utangulizi humtia mhakiki nanga, naye huyapima yanayofuata akiwa amekwisha kuelekea upande mmoja. Na kwamba ikiwa saa moja ya mwandishi yaweza kumwokolea mhakiki dakika moja, saa hiyo ni deni la kulipwa. Walakini hapa pana jambo la kutahadhari. Shauri hilo ni jema kwa mwenye jambo la kweli la kusema, na kwa mwenye jambo hafifu ni jema vilevile. Utangulizi uking'arishwa mizani huelemea, awe mwandishi ni mkweli au si mkweli. Somo lenyewe lilihimiza pia kwamba data na programu za jaribio ziwekwe wazi ili mwingine aweze kulirudia, na hilo ndilo linalomfaa msomaji wa baadaye. Yamkini wengi waliolisoma walishika shauri la nanga na kuliacha hili la pili, kwa kuwa la kwanza hulipwa katika msimu huohuo.

Kizingiti kilichopimwa vizuri kuliko vyote ni kile cha jina. Wakati wa kuandaa WSDM ya mwaka 2017, mkutano uliofanyika Cambridge, Uingereza, Andrew Tomkins na Min Zhang, pamoja na mwanatakwimu William Heavlin, waliwagawa wahakiki katika pande mbili kwa bahati nasibu. Makala zilikuwa kiasi cha 500. Kila moja ilipewa wahakiki 4: wawili walioyaona majina ya waandishi pamoja na vyuo au makampuni yao, na wawili waliofichwa. Hivyo makala ileile ilihukumiwa kwa macho yaliyofumbuliwa na kwa macho yaliyofungwa, na tofauti yoyote kati ya pande hizo haikuweza kutupiwa ubora wa kazi.

Matokeo yalichapishwa mwaka huohuo katika jarida la chuo cha taifa cha sayansi cha Marekani. Mbele ya wenye kuona majina, uwiano wa kupendekezwa kwa makala ya mwandishi mashuhuri ulizidi kwa mara 1.63, kwa makala iliyotoka chuo kikuu chenye sifa, mara 1.58; kwa iliyotoka kampuni kubwa, mara 2.10. Namba hizi husomwa vibaya na wengi, kwa kuwa ni uwiano baina ya kupata na kukosa, nao si sawa na uwezekano. Mfano wa hesabu waweza kusaidia. Makala ya kampuni kubwa ambayo mhakiki asiyeona jina angeipendekeza mara 25 katika 100, mwenye kuona jina angeipendekeza kiasi cha mara 41. Kwa mwandishi aliyeko ukingoni mwa kukubaliwa na kukataliwa, hizo 16 ndizo zinazoamua kama atapanda ndege au atabaki nyumbani.

Athari hiyo ilianza hata kabla ya kusoma. Wahakiki hupewa kwanza orodha ya makala zilizoletwa ili waseme zipi wangependa kuzipokea. Wenye kuona majina waliomba makala pungufu kwa asilimia 22 kuliko wenzao, na walizoziomba zilielekea kwenye vyuo na makampuni yenye sifa. Jambo hili halikuvuta macho ya watu kama zile namba tatu za kwanza, na huenda ndilo zito zaidi, maana makala isiyopendwa na yeyote hupewa msomaji asiyeitaka, na msomaji asiyeitaka kazi mara chache huisoma kwa huruma.

Watetezi wa kuonyesha majina hujibu kwamba jina nalo ni habari: aliyeandika mema jana yaelekea ataandika mema leo, na mhakiki hana sababu ya kujifanya hajui anachokijua. Hoja hii ingesimama kama mkutano ungekuwa unateua watu. Unachoteua ni makala, na ubora wa makala upo mbele ya mhakiki katika zile kurasa 10, tayari kupimwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na wanunuzi wanaomtazama mgema bila kuonja wataendelea kunywa maji kwa muda mrefu kabla hawajang'amua. Lakini ni haki kusema pia kwamba jaribio hili lilihusu mkutano mmoja wa mwaka mmoja. Kuhusu waandishi wanawake halikuweza peke yake kutoa hukumu thabiti. Lilipounganishwa na tafiti zilizotangulia ndipo upungufu wa haki kwao ulipojitokeza.

ICDM ilikuwa imekwisha kuchukua hatua. Tangu mwaka 2011 majina ya waandishi hufichwa kwa wahakiki, na wahakiki nao hufichwa wao kwa wao, asije mdogo akaifuata kauli ya mkubwa. Hatua hiyo ya pili ni ya busara isiyozungumzwa vya kutosha, maana mahali pengi mwanafunzi aliyemaliza masomo jana hukaa katika kamati moja na profesa ambaye kesho ataandika barua ya kumpatia kazi.

Hata hivyo kulificha jina si kuificha asili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wamefanya kazi ya miaka mingi ya kuyatambua maradhi ya muhogo, kama batobato na michirizi ya kahawia, kwa picha za majani zilizopigwa kwa simu mashambani Uganda. Makala ya namna hiyo ikifika mbele ya mhakiki pasipo jina wala chuo, picha zenyewe husema zilikotoka. Jina limefichwa, muhogo umenena. Tena mhakiki asiyeujua muhogo atauliza kwa nini njia hiyo haikujaribiwa pia juu ya mikusanyo ya data aliyoizoea yeye, ile ambayo kila makala ya elimu hii huitumia. Swali hilo halina uovu ndani yake, lakini jibu lake hula kurasa. Atakayepeleka matini za Kiswahili hana budi kulitazamia swali lilelile, na kupunguza mahali pengine ili apate nafasi ya kueleza ngeli ni nini.

Baada ya kukubaliwa kuna kwenda. Kwa desturi, makala iliyokubaliwa huhitaji mwandishi mmoja walau alipe ada na kuisoma kazi yake mbele ya mkutano. Tangu kuanzishwa mpaka mwaka 2025, si KDD wala ICDM iliyopata kufanyika katika bara la Afrika. Elimu jirani ya kujifunza kwa mashine ilitangulia katika hilo, mkutano wake wa ICLR ulipokutana Kigali mwaka 2023, baada ya ule wa Addis Ababa wa mwaka 2020 kuhamishiwa kwenye intaneti kwa sababu ya UVIKO-19.

Ikiwa majina yamefichwa na kila mhakiki amefanya kazi yake kwa uaminifu, je, hukumu huwa moja? Jibu bora limetoka kwa majirani hao. Mwaka 2014 Corinna Cortes na Neil Lawrence, waliokuwa wakiongoza uteuzi wa makala za mkutano ulioitwa NIPS, walizipeleka makala 166 kwa kamati mbili zisizowasiliana. Kamati zilitofautiana juu ya 43, yaani kiasi cha asilimia 26. Yaonekana si nyingi mpaka ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya makala hukataliwa na kila mtu. Zikitazamwa zile tu zilizokubaliwa na kamati moja, zaidi ya nusu yake zilikataliwa na ya pili. Jaribio lilirudiwa mwaka 2021, mkutano ulipokuwa umekua mara nyingi, na tofauti ikawa asilimia 23.

Mwaka huohuo wa 2021 Cortes na Lawrence walitoa hesabu ya yaliyozipata makala za 2014. Kwa zilizokubaliwa, alama za ubora walizotoa wahakiki hazikuwa na uhusiano wowote na wingi wa kutajwa kwa makala hizo baadaye. Kwa zilizokataliwa na kuchapishwa kwingineko, uhusiano ulikuwapo. Waliamua kwamba uhakiki ule ulikuwa mzuri katika kuijua makala mbaya, na dhaifu katika kuijua makala nzuri. Kutajwa kwingi si kipimo kamili cha thamani, maana hata kosa hutajwa sana. Lakini wachimbaji data hawawezi kukikataa kipimo hicho kwa urahisi, kwa kuwa wao wenyewe hukitumia wanapohesabiana heshima.

Hapo kanuni ya Lovell hurudi kwa mlango wa nyuma. Mwandishi aliyekataliwa na KDD hurekebisha kidogo, akapeleka ICDM. Akikataliwa tena hupeleka WSDM, na mwaka ujao huanza upya. Kila mkutano humhukumu kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza. Ichukuliwe kuwa makala ya kati ina nafasi moja katika tano kila inapopelekwa, na kwamba hukumu hazitegemeani. Ikipelekwa mara 4, nafasi ya kukubaliwa walau mara moja hufika asilimia 59. Wala haisemwi kuwa mwandishi huyo ametenda dhambi. Huenda kazi yake ilistahili tangu siku ya kwanza, na kamati ndiyo iliyokosea. Shida ni kwamba msomaji wa baadaye, akiiona makala ndani ya kitabu cha mkutano, huambiwa ilishinda wengine wanne, wala haambiwi ilishindana mara ngapi. Katika hesabu za duka hilo lingeitwa kosa, na mwenye kulifanya angerudishiwa kazi yake.

Kisa cha mwisho chahusu makala ambayo mkutano ulifanya vema kuikubali. Mwaka 1996, huko Portland, Martin Ester, Hans-Peter Kriegel, Jörg Sander na Xiaowei Xu, waliotoka Chuo Kikuu cha Munich, walileta KDD njia waliyoiita DBSCAN. Njia hii hutafuta makundi kwa kutazama msongamano: nukta yenye majirani wa kutosha ndani ya umbali uliowekwa huwa kiini cha kundi, na nukta iliyo peke yake huachwa nje kama takataka. Haimlazimishi mtu kusema mapema idadi ya makundi, nayo hukubali makundi ya umbo lolote, hata yaliyopinda kama mwezi mchanga. Waandishi walisema pia kwamba, kwa msaada wa faharasa nzuri, muda wa kazi hauongezeki kwa mraba wa idadi ya nukta bali hukua polepole zaidi. Njia ilienea katika vyuo na viwanda, na mwaka 2014 KDD ikawapa waandishi tuzo ya makala iliyostahimili mtihani wa wakati.

Haukupita mwaka mzima. Katika mkutano wa SIGMOD wa mwaka 2015, huko Melbourne, Australia, Junhao Gan na Yufei Tao walithibitisha kwamba dai lile la muda lilikuwa na makosa, na kwamba nukta zikiwa na vipimo vitatu au zaidi ahadi ile haitazamiwi kutimizwa na njia yoyote. Makala yao ilipewa tuzo ya makala bora ya mkutano. Hivyo dai lilikaa miaka 19 katika kitabu, likasomwa na kufundishwa, na katika muda wa miezi michache mkutano mmoja ukaivika taji makala iliyolibeba, na mwingine ukaivika taji iliyolivunja. Mabaraza yote mawili hayakukosea. KDD ilisifu njia, nayo njia yafanya kazi. SIGMOD ilisifu uthibitisho, nao uthibitisho ni sahihi. Lakini hakuna mhakiki wa mwaka 1996 aliyeweza kuyafanya yote mawili kwa wiki chache alizopewa, na tuzo ya 2014 haikumtaka mtu ayafanye.

Waandishi wa kwanza walijibu mwaka 2017, wakiongezwa Erich Schubert. Walisema kwamba hoja ya nadharia ni sahihi, lakini majaribio ya wapinzani wao yalitumia vipimo visivyofaa vya umbali, na kwamba mwenye kuchagua vipimo vyema na faharasa njema bado atainufaikia njia ile. Jibu hilo halikupelekwa katika mkutano wowote. Lilichapishwa katika jarida, ambako makala hupokewa siku zote za mwaka, na mhakiki aweza kuirudisha kwa mwandishi mara mbili au tatu kabla ya kuamua.